Shangazi wa Kiatu Kimoja

Ijumaa, tarehe 29 Novemba, Shangazi, mchua misuli wa klabu yetu ya mbio ndefu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi, mtunza vifaa, nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu stoo yangu imepakana na chumba chake cha tiba, na ukuta ni mwembamba.

Alikuja hapa akiwa mkimbiaji. Msimu wake wa pili kano ya kisigino ilikatika. Siku ya mashindano basi liliondoka, yeye akabaki kitandani peke yake mpaka giza likaingia. Hakukimbia tena. Alisomea kuchua misuli, akarudi, akaomba jambo moja tu: siku za mashindano abaki na majeruhi. Ndiyo maana aliyewainua washindi wetu wote hajamwona hata mmoja akikata utepe.

Majeruhi wanamjua kwa kabati lake. Ukiumia, anachukua kiatu chako cha kushoto, anakifungia, na hukipati mpaka upone, maana wengi wetu tunaumizwa zaidi na haraka ya kurudi barabarani. Bingwa wetu mmoja, tumsitiri, aliazima kiatu cha mwenzake kilichompwaya akatoroka kwenda mazoezini. Alirudi na goti lilelile bovu, na malengelenge ya mguuni juu ya hayo. Shangazi alimkanda, kisha akamkumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila mhunzi asilivunje la pili kwa makusudi.

Aliwalazimisha majeruhi kulala mchana, kula hata wakiwa wamenuna, na kuanza upya kwa kutembea. Aliyelia alifungiwa dirisha ili watu wa stoo tusisikie. Tulisikia.

Mashindano ya mwisho kabla ya kustaafu kwake, hatukuwa na majeruhi hata mmoja. Kocha alimpa kiti cha mbele cha basi. Alikaa na gauni jipya, mkoba mapajani, akicheka ovyo kama binti wa shule. Injini ikiwa imeshawashwa, mkimbiaji wetu tunayemwita Twiga alikanyaga ngazi ya basi vibaya, akateguka kifundo. Nilijitolea kubaki mimi. Shangazi alikuwa ameshashuka. Njia nzima nilikitazama kile kiti kitupu, na niliumia moyoni. Tuliporudi na kombe, kiatu cha Twiga kilikuwa tayari kabatini.

Twiga sasa anatembea vizuri. Anasema hapokei kiatu chake kwa mtu mwingine.

Shangazi anaishi peke yake. Hajasema, lakini najua anachokiogopa: basi litaondoka tena, naye safari hii atabaki bila hata majeruhi wa kumkanda.

Ahsante, Shangazi, kwa mikono yako na kwa kutubakia. Ijumaa, ukitoka kwenye sherehe na kuvitafuta viatu unavyoviacha mlangoni pa chumba cha tiba, usishangae ukikosa cha kushoto. Kipo kabatini na ufunguo ninao. Ndara za kurudia nyumbani nimeshakununulia. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Siku ya mashindano acha mlango wa nyumbani kwako wazi. Basi likishaondoka, mmoja wetu atakuletea kiatu chako, na atakaa nawe mpaka wenzetu warudi.