Mama Kontua na Korongo la Kwao

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mpangaji wetu mkuu wa shoroba za wanyama anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili lake la utumishi lipo jina kamili, lakini ukilitaja pale getini, mlinzi atakuuliza unamtafuta nani hasa. Mwambie Mama Kontua, atakufungulia na kukuonyesha ngazi.

Jina lilitokana na mistari ya kontua, ile inayojizungusha kwenye ramani kuonyesha mwinuko wa ardhi. Alipoajiriwa alipewa meza iliyokosa mwenyewe, ile ya karibu na choo. Hakulalamika. Alikusanya maboksi ya karatasi za kuchapia, akayakata tabaka kwa tabaka kufuata mistari hiyo na kuyagandisha kwa gundi mpaka yakawa vilima na mabonde ya eneo letu zima. Mhudumu wa usafi alipolikuta dude hilo alilipeleka moja kwa moja jalalani. Mama Kontua alilifuata huko huko, akarudi nalo likiwa na ganda la ndizi kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Yeye na mhudumu huyo wameshibana hadi leo.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki, ushoroba ni ukanda wa ardhi unaoachwa wazi ili wanyama wapite kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Enzi hizo tuliupanga kwa kuangalia wanyama wanaonekana wapi, basi. Mama Kontua akaja na swali lililowakera wakubwa: joto likizidi na mvua zikibadilika, wanyama hao watataka kwenda wapi? Miti inaweza kukauka na mto ukapungua, alisema, lakini kilima na bonde vitabaki palepale. Kwa hiyo tufuate umbo la ardhi. Tutafute miteremko isiyochomwa na jua la alasiri, makorongo yanayotunza ubaridi na unyevu, na njia isiyokatika ya kupanda kutoka tambarare ya joto hadi nyanda za juu.

"Wewe unawapangia wanyama ambao hawajazaliwa," mkurugenzi wa wakati ule alimwambia kikaoni.

"Ndiyo, bosi," akajibu. "Na waliozaliwa watapita humo humo."

Akaruhusiwa kujaribu. Kulikuwa na njia mbili za kuunganisha tambarare na milima. Ya kwanza ilikuwa bonde pana, jeupe, ambalo kila mtu alilipenda kwa sababu swala walionekana humo hata ukiwa ndani ya gari. Ya pili ilikuwa korongo jembamba lenye kivuli, na hesabu zake zote zilielekea huko. Bonde, kadiri joto linavyopanda, lingekuja kuwa tanuri.

Hapo maji yalimfika shingoni. Korongo hilo lilikatiza shamba la marehemu baba yake. Kaka yake mkubwa, fundi mwashi, alikuwa akiishi hapo katika nyumba ya wazazi, na tayari alikuwa ameanza kusomba mawe ili ajenge nyumba mpya chini korongoni.

Ofisini maneno hayakukawia. Wengine walisema atausogeza mstari uangukie kwa jirani. Wengine wakasema ana bifu na kaka yake, ndiyo maana kauweka pale. Mama Kontua aliyasikia yote, kisha akaniita mimi, mpima ardhi, akanipa ramani isiyo na jina la mtu wala mpaka wa shamba, kontua tupu pamoja na vipimo vya joto.

"Chora wewe," akasema. "Mimi sitasogelea meza hii mpaka umalize."

Nilijaribu kila bonde na kila mteremko. Mstari wangu ukaangukia korongo lile lile. Aliutazama kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Haya. Kazi ya ramani imekwisha," akasema. "Imebaki ya nyumbani."

Tangu hapo akawa anakwenda kwa kaka yake kila Jumamosi. Wifi yake alimpokea na kumwandalia chai, kaka akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Siku moja sauti yake ilipenya hadi sebuleni: "Mwambie mgeni wako chai ikiisha aende zake." Kuitwa mgeni katika nyumba aliyozaliwa kulimchoma kuliko maneno yote ya ofisini. Jumatatu yake alimwagilia maua ya dirishani mpaka maji yakachuruzika juu ya faili za mhasibu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Kilichofungua mlango hakikuwa ramani. Ilikuwa kipindi cha joto kali, bati la nyumba ile likichoma kama kikaango, na wifi alikuwa amechoka kubeba vikombe kati ya ndugu wasiosemezana. Alimfuata mumewe hadi uani.

"Baba nanii, hebu niambie. Wewe unahamia kule korongoni kwa nini?"

"Si humu ndani kunaunguza."

"Basi na hao wanyama wanaungua. Kosa lao nini?"

Kaka akaingia sebuleni na kukaa mbele ya dada yake.

"Sawa," akasema. "Wao wapite. Na mimi je, mdogo wangu, niendelee kuiva humu?"

Mama Kontua amekiri kwamba swali hilo lilimpiga. Alikuwa amewatafutia pa kupita pongo na nungunungu, asimwulize ndugu yake anatafuta nini kule chini. Wakatoka pamoja na vipimajoto, wakazunguka shamba zima hadi wakapata sehemu tambarare juu ya korongo, ambapo kilima hukinga jua la alasiri na upepo hupanda kutoka chini. Nyumba ikajengwa hapo. Mawe yaliyokwisha kuteremshwa ilibidi yapandishwe upya, na fundi hajalisamehe hilo. Hulitaja kila akishika kikombe.

Kamati ikapitisha mstari. Mahali korongo lilipokutana na barabara, mhandisi alitaka kalavati la kawaida. Mama Kontua alimvalisha gambuti, akamwinamisha kwenye kalavati la zamani na kumwuliza kama yeye angekubali kupita humo na watoto wake. Likajengwa daraja pana, ambalo chini yake mnyama akiwa upande huu anaona mwanga wa upande wa pili.

Kwa muda mrefu kamera zetu pale hazikunasa kitu ila mbuzi wa jirani na, mara moja, mkaguzi wetu wa ndani akijikinga mvua. Watu wakauita ushoroba wa mbuzi. Yeye aliendelea kufungua picha kila wiki, bila kununa na bila kuomba radhi. Kisha ukaja ukame uliolikausha lile bonde zuri hadi likapasuka. Wiki hiyo kamera ikatuletea pongo na mtoto wake, kisha nungunungu, kisha nyati, wote wakielekea juu.

"Wanapanda," akasema kwa sauti ndogo, akampigia simu kaka yake.

"Najua," kaka akamjibu. "Mimi nimewaona jana kutoka barazani."

Leo hakuna ushoroba unaojadiliwa katika ofisi hii bila kwanza kusoma miinuko yake. Umebaki mmoja, wa ukingo wa kaskazini, ambao wenye machimbo ya kokoto wanaupinga, na kikao cha umma kitafanyika mwezi ujao. Tulidhani kustaafu kutampumzisha na shari hiyo. Ametujibu kwamba mtumishi anaweza kuhamishwa kituo, ila raia hahamishwi, na kwamba yeye ataingia ukumbini kama raia.

Mama Kontua, asante kwa kutufundisha kuitazama ardhi kabla ya kuchora juu yake, na kwa kutusubiri tulipochelewa kuelewa. Tunakuombea afya, magoti imara na mapumziko matamu, ingawa tunajua utayaanza baada ya kikao.