Emil Ajue Kabla ya Jumatatu

Mgeni rasmi Bwana Lindqvist, ambaye ndiye mwenyekiti wa bodi ya Chuo cha Ostrander; kocha wetu Bwana Pruitt; vijana wachezaji; na wazazi mliokuja na theluji hii:

MAKARIBISHO
Karibuni chumba cha chini cha kanisa. Vueni makoti, jiko linawaka. Sisi ndio akina mama tunaoipikia timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani kila Alhamisi ya msimu, na Agosti yote, vijana wanapoanza mazoezi na bwalo la chuo bado limefungwa.

TULIKOTOKA
Kazi hii tuliachiwa na mama zetu, enzi timu ikivaa kofia za ngozi. Walituachia na desturi mbili. Timu ngeni haiondoki na njaa, hata ikitushinda. Na masufuria huoshwa na nahodha.

MSIMU HUU
Kwenye ligi yetu ya vyuo saba tumeshika mkia. Tumeshinda mchezo mmoja. Katika tuliyoshindwa, mmoja kosa ni letu wenyewe: basi la wapinzani wetu, Tilden Falls, liliwahi, tukaona watoto wa watu wanatetemeka, tukawalisha kabla ya mchezo badala ya baada. Wakatuchapa vibaya. Mmoja akaja dirishani kutuambia, "Bibi zangu, viazi vyenu vimefunga mara tatu." Kocha hakutuamkia hadi Jumanne.

Hata hivyo hakuna kijana aliyekimbia. Nahodha Emil Vondracek, wa mwaka wa tatu, amecheza kushambulia na kulinda, maana wachezaji hawatoshi. Wala hajatuachia sufuria chafu.

CHANGAMOTO
Kila mwaka, kabla ya karamu hii, ofisi yako hutuuliza Agosti tutapika nini. Mwaka huu hatukuulizwa. Tulipouliza sisi, tukaambiwa tungoje. Mgeni rasmi, mpishi akiambiwa angoje, anajua huenda hakuna wa kula. Hatukuja kubishana; kwamba vijana wamepungua tunaona kwa sahani.

Lakini Alhamisi iliyopita Emil, mikono imo kwenye povu, alitueleza kuwa chuo kikubwa kinamtaka akacheze kwao na kitamsomesha bure. Jibu wanalitaka Jumatatu. Tukamuuliza atasemaje.

"Nitawaambia hapana, Bibi. Nikiondoka, mwakani nani atamkinga Teddy wetu uwanjani? Mwenyewe mwembamba kama mti wa ufagio."

Tukacheka naye. Kwamba huenda mwakani hakuna timu, halikuwa letu kulisema.

OMBI
Hatuombi jiko jipya. Tuna kitendawili tu: kimo mdomoni, hakitafuniki, hakimezeki, na mwenye nacho hali akashiba. Jibu unalo wewe.

Kama timu inavunjwa, usingoje kiangazi, vijana wametawanyika makwao. Waambie leo, uso kwa uso. Na kama haivunjwi, sema pia, nasi tutakuomba radhi mbele yao.

Emil ndiye yule anayekusanya sahani. Pai ya malenge itangoja.

Mungu akupe nguvu ya kusema, nao awape ya kusikia.

Ni sisi,
Akina Mama wa Jiko la Kanisa, Ostrander.