Mailo ya Nyuma: Maisha ya Mwalimu Kapya Adalbert

Wakubwa kwa wadogo mliojaa hapa uani, mapadri, walimu, wanafunzi na majirani wa Naviundu, mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Mulenga, mtoto wa dada yake marehemu, na kwa desturi yetu watu wa Kilwa ni mpwa anayesoma karatasi hii, hata kama mpwa mwenyewe alipata saba juu ya ishirini darasani kwa mjomba wake, jambo ambalo wengi wenu mnalijua na mmekuwa mkinicheka nalo tangu juzi. Nitasoma polepole, na pale sauti itakaponikauka mtanivumilia.

Mwalimu Kapya Adalbert, ambaye katika karatasi za serikali tangu mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipokatazwa, aliandikwa Kapya wa Mwansa, lakini jikoni kwa Mama Laurentine alibaki Adalbert mpaka mwisho, alizaliwa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, tarehe 14 Machi 1931, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwansa, fundi cherehani wa misioni, na wa Mama Mwape, ambao wote wawili wametutangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo misioni kuanzia 1938 hadi 1944, na mwaka uliofuata alipanda lori la samaki kuja Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule, akaingia shule ya ufundi, akasomea uchoraji wa plani, akapata diploma yake tarehe 30 Juni 1951.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 1951 alifanya kazi katika ofisi ya michoro ya kampuni ya shaba, akichora njia za chini ya ardhi ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kushuka kuziona, na huko ndiko alikookota ile tabia iliyokuja kututesa sisi wote baadaye, kwamba hakuna anayechimba hata shimo la choo kabla plani haijapita mezani. Tarehe 6 Agosti 1955, katika parokia ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, alifunga ndoa na Laurentine Chola, ambaye tuko naye hapa, na Mungu aliwajalia watoto saba, wawili wakarudi kwake wangali wachanga, watano wapo, kuanzia Delphine mpaka Pierre, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Tarehe 10 Septemba 1962 aliacha ofisi, akawa mwalimu wa uchoraji hapa Naviundu, katika Institut Maarifa, na hakutoka tena.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyomfanya aitwe Bwana Kidogo-Kidogo mpaka sokoni. Mwaka 1968 padri mmoja mwalimu, aliyekuwa akirudi kwao Ubelgiji, alimwachia kamera ya filamu ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ukitaka inapiga picha moja tu kisha inasimama, na marehemu akagundua kwamba mtu wa udongo, ukimsogeza kidogo na kumpiga picha, ukamsogeza tena kidogo na kumpiga tena, siku filamu itakapopita mbele ya taa atatembea mwenyewe. Kuanzia hapo wanafunzi wa mwaka wa sita walichota udongo mto Naviundu, wakafinyanga watu, mbuzi, baiskeli na wachimbaji wa shaba wenye kofia za vizibo vya bia, na kila kikundi kilitengeneza filamu yake kwa mwaka mzima, filamu ambayo ukipiga chafya umeikosa nusu.

Alipotaka chumba cha kufanyia kazi hiyo, mwaka 1973, aliandika barua kwa wakubwa akiomba msaada kwa ajili ya kikundi cha animasyo, maana ndivyo kazi hiyo inavyoitwa kwa Kifaransa, akasahau kwamba katika nchi yetu siku zile animasyo ilikuwa ni kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama kilichotawala. Wiki mbili baadaye vililetwa ngoma tatu na vitambaa vya kijani, pamoja na amri ya kucheza tarehe 20 Mei, sikukuu ya Chama, na mjomba wangu, mtu asiyejua hata kupiga makofi kwa mpigo, alicheza mstari wa mbele na wanafunzi wake, wakapata nafasi ya nne katika zone, yaani wilaya yetu, na chumba wakapewa.

Filamu ilipatikana kwa shida, ikapelekwa Ulaya kusafishwa, na ilirudi baada ya miezi minne au mitano, wakati shule inafunga Julai, kwa hiyo ilimbidi mwalimu atoe pointi kwa picha ambazo hakuna aliyeziona. Ndipo akaweka utaratibu wake, kwamba kabla ya kugusa kamera kila kikundi kichore plani yote katika vyumba vidogo vidogo, na kila siku ya kazi kiandike katika daftari kipande gani kimepigwa na ni picha ngapi, kisha yeye anahesabia pointi plani, daftari, usafi na namna mlivyovumiliana, na kipande kisichoonekana katika daftari kimeondoka na nusu ya pointi zenu. Mimi saba yangu niliipata kwa haki, kwa sababu kuku wa jirani alimla mchimbaji wangu mkuu katikati ya filamu na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba amekwenda likizo.

Lakini kuna pointi moja ambayo haikutolewa kwa haki, na familia imekubaliana isomwe hapa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuificha. Jumamosi tarehe 14 Juni 1975 alikusanya madaftari yote, na saa ile ile akafunga kopo la filamu kwa ajili ya posta. Katika daftari la msichana aliyeitwa Numbi Victorine, mzaliwa wa Kilwa kama yeye, ukurasa wa mwisho uliandikwa haraka haraka, bila tarehe, hivi: mailo, picha 96, mama anamuinua mutoto. Wageni wetu wajue kwamba katika lugha ya kwetu mailo ni jana, na mailo hiyo hiyo ni kesho, na msikilizaji anajua ni ipi kwa namna maneno yanavyokwenda. Marehemu alisoma kesho. Aliona mwanafunzi anaahidi kupiga Jumapili picha za filamu iliyokwisha fungwa kwenye kopo, tena kipande kikubwa kuliko vyote, kile ambacho mama wa udongo anayevuka mto anatua beseni lake na kumuinua mtoto, akampa nane juu ya ishirini.

Victorine alimfuata mpaka hapa nyumbani, Mama Laurentine ni shahidi, akamwambia, "Mwalimu, ile mailo iko ya nyuma, haiko ya mbele! Nilipiga yote jana, miye peke yangu, benzangu balienda kwenye ngoma ya Chama." Marehemu alikuwa amesikia hadithi nyingi za mwezi wa Juni, nyingine kutoka kwangu, akamjibu, "Daftari ndiyo inasema, mwanangu," akaendelea kula. Kwa pointi hizo Victorine alianguka mwaka wa mwisho, akapoteza diploma, na nafasi aliyokuwa ameahidiwa katika chuo cha walimu akapewa mwingine, akarudi Kilwa kukausha samaki na mama yake.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 1975 filamu zilirudi. Wanafunzi wa mwaka mpya walitundika mablanketi madirishani, wakawasha mashine, na ilipofika zamu ya kikundi cha Victorine, mama wa udongo alifika katikati ya mto, akatua beseni lake, akainama, akamuinua mtoto, sekunde nne tu, na darasa zima likapiga kelele ya furaha.  Marehemu alirudisha filamu nyuma, akaiona mara tatu, kisha akafungua blanketi moja na kukaa chini ya dirisha, na walimu wenzake wanasema hawakuwahi kumwona amekaa chini sakafuni.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alimwambia kwamba orodha ikishasainiwa imesainiwa, na kwamba msichana mwenyewe pengine amekwisha olewa. Marehemu alikata kile kipande cha filamu, kirefu kama mkono wa mtu mzima, akakizungushia kitambaa, akapanda lori la Kilwa katika mvua za Novemba, siku nne njiani, mbili kati ya hizo akisukuma. Alipofika hakungoja maji ya kunawa. Mbele ya Mzee Numbi, baba yake Victorine, fundi wa baiskeli, na mbele ya majirani waliokuja kuona mwalimu mwenye matope mpaka magotini, alinyoosha filamu juani na kumwomba mzee ahesabu. Mzee Numbi alihesabu picha kwa ncha ya msumari, akapata tisini na sita, akahesabu tena kwa sababu hakuwaamini walimu, akapata zile zile, na marehemu akamwambia Victorine, "Nilisoma mubaya, tena luga ya mama yangu mwenyewe, unisamehe."

Aliporudi mjini aliandika kwa inspekta kwamba kosa ni la mwalimu peke yake, akasaini, na Jumamosi tarehe 17 Januari 1976 walimu walikaa upya, Victorine akapata kumi na sita na diploma yake. Gharama yake marehemu aliilipa yeye, kwa sababu katika alama za wafanyakazi za mwaka ule alishushwa kutoka élite, yaani bora kabisa, hadi bon, yaani mzuri tu, na cheo cha prefe kilichokuwa kikimngoja kilikwenda kwa mwingine. Mama Laurentine, ambaye alikuwa amekwisha nunua kitenge cha sherehe, hakumsemesha kwa siku tisa, kisha akakishona na kukivaa hivyo hivyo kanisani. Victorine alisoma ualimu, na tangu 1979 walifundisha pamoja darasa la udongo, mwaka hadi mwaka, wakigombana juu ya pointi kama ndugu wa tumbo moja, na hiyo ilikuwa miaka ya furaha kubwa kwa mjomba wangu.

Desemba 1986 alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa sukari, baadaye ukashika figo, akalazwa tarehe 3 Februari 1988, na Alhamisi tarehe 18 Februari, saa kumi na moja asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Laurentine, alitutoka, akiwa na miaka hamsini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia alipokuwa akisahihisha plani ya vitanda vyao, majirani wa Naviundu walioleta kuni, unga na mikeka bila kuombwa, walimu na wanafunzi wa Institut Maarifa waliomfanyia jeneza, na wenzake wa zamani wa ofisi ya michoro, ambao jana walipima kaburi mara mbili, na yeye angetaka mara tatu.

Shukrani ya mwisho ni kwa Mama Victorine, aliyekaa naye hospitali kila jioni baada ya darasa. Jumanne marehemu alimuuliza, "Victorine, na miye utanipa ngapi juu ya makumi mbili?" naye akamjibu, "Mwalimu, filamu yako haiyarudi bado," na wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuwakanya. Jana, nilipokuwa nikiandika karatasi hii, nilikwenda kumuuliza kama sasa yuko tayari kumpa pointi zake, niziweke hapa mwishoni. Alilia kwanza. Kisha akasema, "Andika tu kama alikuya Kilwa."

Basi nimeandika kwamba alikuja Kilwa. Nenda kwa amani, Mjomba, upumzike.