Mzee Shigela na Jumatatu Zake

Baada ya miaka ishirini na saba kwenye mashine za kuchambua pamba hapa Bariadi, Mzee Shigela Mihayo anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 1996. Umri wake wa kustaafu haujafika. Ameomba kuondoka mapema ili pumzi iliyobaki aitumie nyumbani kwake Migato.

Aliajiriwa mwaka 1969, kiwanda kikiwa bado cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine pamba, na Jumapili aliimba besi katika kwaya ya parokia. Wafanyakazi wa zamani wanasema "Mwangaluka!" yake, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ilitoka getini ikafika ghala la marobota, mashine zikinguruma.

Kila Jumatatu kifua kilimbana. Wenzake wakamtania kwamba Jumapili akitoka kwaya anahamia kilabuni, wakamwita Mzee Jumatatu. Yeye hanywi kabisa. Kwa kuwa katikati ya wiki alipata nafuu, aliamini kinachomuumiza ni mapumziko. Basi akaacha kupumzika. Miaka mingi, Jumapili baada ya misa, alikuja kuketi kando ya lundo la pamba katika chumba cha mashine, avute hewa yake, ili Jumatatu isimkute mgeni. Hakuna aliyemzuia. Tulimsifu kwa kupenda kazi, na Mei Mosi moja akazawadiwa redio.

Mwaka juzi daktari alimweleza kwamba ni vumbi la pamba lililokuwa likimharibu mapafu. Wakati huo kila siku ilikwisha kuwa Jumatatu. Aliomba kuhamishiwa getini. Kampuni iliyonunua kiwanda ilikuwa ikipunguza watu, na ombi lake halikujibiwa.

Ndipo alipokuja amefunika pua na mdomo kwa kitambaa cha maua, alichoshonewa na mkewe, Mama Kornelia, kutoka kanga kuukuu. Fundi wetu Machibya akamwuliza kama mama amechoka kumsikiliza, ameamua kumfunga mdomo. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Machibya akaacha kucheka. Kesho yake Machibya alikuwa wa kwanza kuomba chake. Leo chumba kizima kimevaa maua.

Vijana wapya hudhani anaringa, kwa sababu anaitikia salamu kwa kuinua mkono tu. Haringi. Akisalimu kwa sauti, pumzi itamwishia, na ngazi za chumba cha mashine zitamshinda. Kwenye kwaya sasa anaimba ameketi. Anaanza mstari, wenzake wanaumalizia.

Asante, Mzee Shigela, kwa kazi, kwa utani, na kwa vifua vya vijana uliowafunika kabla hawajajua kwa nini.

Kesho ni Jumapili. Chumba cha mashine tutakifunga kwa kufuli. Ukitoka misani usije huku, baba. Nenda nyumbani, kaa na Mama Kornelia, pumzika bila hofu.

Tunakutakia Jumatatu njema.