Sanduku la Nakhisa Lililolinda Mashine za Oksijeni

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Bwana Javan Nakhisa, fundi umeme wa hospitali yetu hapa Kampala, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Alitoka Bungoma akiwa fundi wa mashine za kusaga, akaajiriwa hapa kubadilisha balbu na kutunza jenereta. Balbu alizibadilisha. Mengine aliyoyafanya hayakuwa kwenye barua yake ya ajira.

Mwaka 2009 wodi ya watoto ilipokea mashine sita za oksijeni kutoka ng'ambo. Kabla ya mwaka kwisha, nne zilikuwa stoo, zimekufa. Kiwanda kilitaka zirudishwe huko kwa matengenezo, na tungesubiri miezi. Nakhisa aliomba ruhusa ya kufungua moja, akagundua kuwa haikuwa na kasoro ya kiwandani. Ilitengenezwa kwa nchi ambako umeme haukatiki. Hapa kwetu, kila uliporudi ulirudi kwa kishindo na kuunguza vifaa vya ndani.

Akabuni sanduku la kukaa kati ya soketi na mashine: umeme ukirudi, linauzuia dakika tatu hadi utulie. Koili yake ilisukwa na Hasifa, fundi wa kusuka mota kule Nakivubo, ambaye alimrudisha mara mbili kwa sababu mchoro haukumridhisha.

Sanduku la kwanza lilitoa moshi wodini. Watoto walihamishiwa koridoni, hakuna aliyeumia. Nakhisa alipewa barua ya onyo, naye akaandika ripoti akikiri kwamba kosa ni lake: hakuacha nafasi ya kupitisha hewa. Kisha akaomba kujaribu tena. Kikaoni, mjumbe mmoja aliuliza hospitali itakiaminije kifaa kisicho na jina la kiwanda. Nakhisa, ambaye si msemaji, alijibu: "Andikeni jina langu. Kikiharibika, mnajua nilipo."

Alipewa mwezi mmoja. Wiki ya pili, umeme ulikatika na kurudi mara tisa katika mchana mmoja. Friji ya maabara na kompyuta mbili ziliungua. Wodini alikuwepo Lailah, mtoto wa miaka mitatu, mwenye nimonia. Kila umeme ulipokatika, mwandishi wa makala haya, aliyekuwa zamu, alimhamishia kwenye mtungi wa oksijeni, na Nakhisa alisimama kando ya kitanda akiitazama saa yake. Mara zote tisa mashine iliwaka. Baadaye alikaa kwenye benchi la nje, akaomba chai. Lailah aliruhusiwa kwenda nyumbani siku sita baadaye.

Hakuwa mtu rahisi. Aliwafukuza wote waliochaji simu kwenye soketi za wodi, mkurugenzi akiwemo.

Leo masanduku arobaini na moja yanafanya kazi katika hospitali saba. Fundi Mugisho wa Bukavu alipoomba michoro, Nakhisa alimtumia yote. Ukurasa wa kwanza aliorodhesha makosa yake mwenyewe, ili mwenzake asiyarudie.

Sasa anarudi Bungoma. Anasema atapumzika na kufuga kuku. Lakini wiki iliyopita alipiga simu kwenye zahanati iliyo jirani na kwake, kuuliza wana mashine ngapi zilizokufa. Wakamwambia tatu.

Bwana Nakhisa, wodi ya watoto inakushukuru. Uende salama, na siku zako za nyumbani ziwe njema na ndefu.

Olivia Nabintu, muuguzi, wodi ya watoto