Kitabu cha Kurithi cha Bi Mwanaheri

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, shambani au jikoni, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Nangurukuru, Bi Mwanaheri Tawakali. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita kwa presha, akiwa na miaka hamsini na tisa, akazikwa siku ileile baada ya sala ya alasiri. Bi Mwanaheri aliuza vitumbua pale stendi. Na kwa miaka sita alikuwa akitafuta kitabu.

Msicheke. Watu walicheka sana, na sisi wa redio hatukufanya la maana kuliko wao. Tutafika hapo.

Kama umewahi kushuka Nangurukuru ukitokea Lindi au Dar, basi vitumbua vyake umevila. Ndiye yule mama aliyekuwa akikuambia kula taratibu, dereva mwenyewe bado yuko kwenye chai. Alisoma mpaka darasa la saba. Mumewe alikufa mapema, akamlea binti yake wa pekee, Zuwena, kwa chuma kilekile cha vitumbua. Zuwena akaolewa Kiranjeranje na kijana mkulima wa ufuta, Nurdin. Mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Somoe.

Somoe alipofikisha miezi minane, vidole vyake vilivimba. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Akapimwa damu, ikaonekana ana selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Huko Kiranjeranje maneno yakaanza: kwa kina Nurdin ugonjwa huo haupo, damu mbovu imetoka Nangurukuru. Mtoto hajatimiza miaka miwili, Zuwena akarudishwa kwa mama yake na begi moja.

Muuguzi mmoja, Scholastica, ndiye aliyemkalisha Bi Mwanaheri chini akamweleza. Mtoto hapati selimundu kwa kurithi upande mmoja. Lazima arithi kwa baba na kwa mama, hata kama wao wenyewe ni wazima. Narudia, wasikilizaji: kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Bi Mwanaheri akauliza swali ambalo muuguzi hakulitegemea. Kama ugonjwa huu unaua watoto tangu enzi na enzi, mbona haujakwisha wenyewe? Scholastica akamwambia kuwa aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwenye pwani yenye mbu kama hii yetu, watu wa namna hiyo wengi walipona, wakazaa, na walichobeba kikaendelea kwa watoto wao. Elimu hiyo inaitwa mageuzi ya viumbe, akasema, na vitabu vyake vya kuanzia vipo. Bi Mwanaheri alirudi nyumbani uso umemchangamka. Akamwambia bintiye, "Siyo damu mbovu, mwanangu. Damu hii ilipigana na malaria."

Sasa amwambieje Nurdin? Mama mkwe hakai uso kwa uso na mkwewe wakazungumza habari za damu. Akatuma mtu mzima. Jibu la Nurdin likarudi hivi: "Mwambieni mama, kama na mimi nimo, anionyeshe imeandikwa wapi."

Hapo ndipo alipoanza kutafuta kitabu.

Alimwagiza Haruna, kondakta wa basi la Dar, amletee kitabu cha kurithi, cha mtu anayeanza, cha Kiswahili. Haruna akaleta kitabu cha mirathi. Mke apate thumni ya mali, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Bi Mwanaheri akashukuru, akakiweka kabatini. Akaagiza tena, safari hii kitabu cha mageuzi. Kikaja kitabu cha siasa za vyama vingi. Alikisoma chote, maskini, akitafuta mahali walipotajwa mbu. Cha tatu alipewa na mwalimu mmoja wa Masoko, nacho ndicho chenyewe hasa. Kinene, kina picha za rangi, kurithi kumo, mageuzi yamo. Kimeandikwa Kiingereza. Mwalimu alikuwa na uhamisho, akaondoka wiki ileile. Scholastica alishahamia Mingoyo siku nyingi.

Na sisi je? Mwaka juzi Bi Mwanaheri alipiga simu hapahapa studioni. Alisema, "Wanangu, nisaidieni nipate kitabu cha mambo ya kurithi." Tukamjibu kwa bashasha zote. Wiki iliyofuata tukaleta sheikh na mwanasheria, saa nzima, mirathi ya mikorosho. Zuwena anasema mama yake alisikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga, kisha akazima redio. Akasema, "Wamejitahidi." Wasikilizaji, tungependa angetutukana. Hatukumuuliza kurithi nini. Swali la maneno mawili tu.

Mwaka jana Nurdin akaoa tena. Akamwoa binti wa baba yake mdogo, damu ya nyumbani, damu safi. Bi Mwanaheri alipopata habari hizo alikaa kitako chini, mafuta yakaungua jikoni. Alijua: alichobeba Nurdin, binti wa baba yake mdogo naye huenda anacho. Akatuma mtu: wapimwe kwanza kabla ya kuzaa. Jibu likawa lilelile. Imeandikwa wapi?

Siku ya tatu ya msiba, Nurdin alifika Nangurukuru. Alikuja na mkewe na kichanga chao cha kiume. Mkewe alikuwa amekifunika mikono kwa kanga, lakini kanga ilipoteleza kila mtu aliona vile vidole vilivyovimba. Nurdin alimuuliza Zuwena kwa sauti ndogo, "Kile kitabu cha mama, kilipatikana?"

Zuwena akaingia ndani, akamletea vitabu vyote vitatu. Nurdin akaketi mkekani. Akafungua cha kwanza, akakiweka. Akafungua cha pili, akakiweka. Cha tatu akakaa nacho muda mrefu, akifunua kurasa mbele, akirudi nyuma. Somoe, sasa ana miaka minane, akasogea kwa baba yake. Akamwambia, "Hicho bibi alikuwa anatazama picha tu."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Zuwena na kwa Somoe. Tunatoa pole kwa majirani wa stendi. Na kwako Nurdin, popote unapotusikia, pole baba. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanaheri Tawakali. Tutafakari kila mmoja wetu ni nani alituomba kitu, tukampa kingine, tukaona tumemaliza.

Kabla ya kipindi hiki tumezunguka wiki nzima, Kilwa mpaka Lindi mjini. Hatujakipata. Aliye nacho akifikishe Nangurukuru, kwenye meza ya vitumbua, Zuwena yupo. Kiwe cha Kiswahili. Kiwe cha mtu anayeanza. Narudia: ni kitabu cha kurithi damu, siyo cha kurithi mashamba.