Mtoto Niliyemfundisha Kukaa

Wa asalaam aleikum, asalaam aleikum. Wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Na wenzangu tuliokuja moja kwa moja kutoka mwaloni, boti zinakoshusha mzigo, na harufu ya dagaa kwenye kanga zetu, poleni na kazi. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nisimame mara mbili nikamkatalia. Mara ya kwanza nilisingizia mafua. Mara ya pili nilimwambia ukweli, kwamba wenzangu hawa wananijua, watanicheka. Leo nimesimama. Mkitaka kucheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi si mtu wa ziwani. Nimezaliwa Kalinzi, juu kule kwenye migomba na kahawa. Utoto wangu wote nilikuwa napanda na kushuka vilima, nachota maji kijitoni, nakimbizana na wenzangu mpaka mama anatuita kula. Nikaolewa na fundi wa injini za boti hapa Katonga. Siku ya kwanza kuliona ziwa kwa karibu nilimshika mume wangu mkono mbele za watu, kwa woga. Nyie mliozaliwa hapa mnaogelea kabla hamjajua kuhesabu. Mimi maji yakifika magotini moyo unanienda mbio mpaka leo.

Binti yangu wa kwanza alipokaribia miaka miwili, alinifuata ukingoni nikiwa napokea dagaa kutoka kwenye boti. Boti nyingine ikawa inaingia, wimbi lake likamlowesha mpaka kifuani. Akakaa palepale kwenye maji akicheka. Mtoto anacheka! Mimi nilipiga yowe mwalo mzima ukasimama. Baadhi yenu mlikuwepo, mkanitania wiki nzima. Nikacheka nanyi, lakini moyoni nilishaamua kwamba mtoto huyu hatayasogelea maji tena.

Kesho yake nilimfunga kanga kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye mguu wa kichanja cha kuanikia dagaa. Ndiyo, nilimfunga mwanangu kama mbuzi. Alilia siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba nikimpa biskuti na soda anatulia hata bila kanga. Baadaye nikaongeza simu yenye katuni. Hapo nikapata raha, ndugu zangu. Naanika, nageuza, nauza, na mtoto yuko kivulini ndani ya beseni kubwa, kimya kabisa. Biskuti asubuhi, maandazi saa nne, juisi ya pakiti mchana. Akitoka kwenye beseni namrudisha kwa kitu kitamu. Akikaa namsifu: "Mwana wanje, mwanangu, wewe ni mtoto mzuri, hunisumbui."

Akanenepa. Na nyie, msinikatalie, mlinisifu. "Mama, mtoto ana afya huyo!" "Mashavu hayo, mtoto wa bosi!" Wateja walikuwa wanampapasa mikono kabla hawajauliza bei. Nilivimba kichwa. Mimi niliyekuja hapa mwembamba, mgeni, naogopa maji, sasa nina mtoto ambaye mwalo mzima unamtamani. Viatu vikimbana nanunua vikubwa, gauni likigoma kupita nashona jingine, na kila mara nahesabu hiyo ni baraka. Kliniki nilishaacha tangu alipomaliza chanjo za mwaka na nusu, na sikurudi. Nilijiambia, kupima uzito ni kwa wenye watoto wadhaifu.

Na hili nalisema kwa aibu: muuza dagaa mimi, mwanangu alikuwa hali dagaa. Alikuwa anataka chipsi, nami nampa. Mboga za majani akiziona analia, nami naziondoa kwenye sahani. Sikutaka alie. Mtoto anayelia anatoka kwenye beseni, na akitoka kwenye beseni anaelekea majini. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa.

Mama mkwe wangu, anayeishi Ujiji, aliliona mapema. Alikuja kututembelea, akamtazama mjukuu wake akipanda ngazi mbili za nyumba yetu, akifika juu anahema. Jioni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, niletee huyu mtoto Ujiji wiki moja moja. Nyumbani kwangu kuna wenzake, watacheza."

Mimi nikajibu, "Mama, unataka azame?"

Mawe wee, mama yangu! Kumjibu hivyo mtu aliyelea watoto saba ukingoni mwa ziwa hili na wote wako hai! Alikunja kanga yake akaondoka. Tulikaa miezi hatuzungumzi, na mume wangu katikati hajui ashike upande gani. Nilikuwa na njia iliyonyooka, mtu anayenitakia mema na anayejua maji, nikamfukuza kwa mdomo wangu.

Mtoto akatimiza miaka mitano, nikampeleka darasa la awali. Mwezi haujaisha, mwalimu akaniita. Ni dada mmoja mpole aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Nilienda nikiwa nimekunja uso, nikijua kuna mtu amemtania mwanangu. Ulikuwa muda wa mapumziko. Mwalimu alinisimamisha dirishani tu.

Watoto wamejaa uwanjani wanafukuzana, vumbi linatimka. Wangu amekaa peke yake ukutani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Kila siku yuko hivyo, mama," mwalimu akasema. "Nilidhani wenzake wamemtenga, lakini wanamwita. Nilipomuuliza kwa nini hachezi, aliniambia, 'Mimi ni wa kukaa.'"

Ndugu zangu, nawaambia, ningepigwa kofi nisingeumia vile. Hakusema amechoka, hakusema wanamcheka. Alikuwa anajieleza yeye ni nani. Na nani alimwambia? Mimi. Kwa miaka mitatu, kwa biskuti, mpaka akaamini. Nililia pale dirishani, mwalimu wa watu akanipa daftari nijipepee.

Wiki hiyohiyo nikafukua kadi ya kliniki kutoka chini ya godoro. Muuguzi akampima uzito na urefu, akaweka nukta yake kwenye mchoro wa kadi, juu ya mistari yote. Akaniuliza anakunywa nini, analala saa ngapi, anakoroma? Magoti yanamuuma? Nilijibu yote kichwa chini. Hakunigombeza. Alisema, "Hatumnyimi chakula, huyu bado anakua. Tunambadilishia. Soda na biskuti zisikae nyumbani, maji yakae karibu. Ale mnachokula nyie, dagaa, maharage, mchicha, ndizi. Simu izimwe mapema alale. Na acheze. Kila siku acheze mpaka atoke jasho."

Ingekuwa hadithi nzuri nikisema nilifuata vizuri. Sikufuata. Nilirudi nyumbani kwa hasira za kujilaumu, nikatupa biskuti na soda zote siku moja, nikaamuru akimbie kuzunguka nyumba. Alizunguka mara moja akakaa. Nikampiga. Mtoto amekaa kama nilivyomfundisha, nami nikampiga kwa kukaa. Kofi hilo hata yeye akilisahau, mimi sitalisahau.

Asubuhi iliyofuata nikapanda bodaboda na binti yangu mpaka Ujiji. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nikapiga magoti palepale nje. "Shikamoo mama. Nimekosa. Nisaidie mtoto."

Akasema, "Marahaba. Inuka, utachafua gauni." Kisha akamgeukia mjukuu wake, "Na wewe, nenda kawaangalie wenzako wanacheza nini, uje unisimulie." Hakumwambia akimbie. Alimtuma tu. Mtoto akaenda, akarudi kusimulia, akatumwa tena. Mpaka mchana alishatumwa mara hazina idadi, na mara za mwisho hakurudi kusimulia, alibaki hukohuko.

Tangu siku hiyo bibi yake akawa anakuja Katonga kila shule ikifungwa, na Jumamosi yeye na mjukuu wake wanakwenda kwa miguu penye maji ya kina kifupi. Amemfundisha kuelea, kisha kuogelea. Mimi nilikuwa nasimama mchangani nimefumba macho, nasikia tu sauti zao. Uzito hatukuukimbiza. Alikuwa anarefuka na uzito unasimama, nukta ikashuka kidogo kidogo. Kukoroma kumekwisha. Anakula dagaa sasa, tena anajichagulia wakubwa kabla sijauza.

Lakini msinipigie makofi bado. Juzi kulikuwa na mbio shuleni na wangu alikuwa wa mwisho, mbali na wenzake. Alifika anacheka, akaniambia, "Mama, nimemaliza!" Nilimkumbatia nikageuza uso asione machozi. Wenzake walianza kukimbia wana miaka miwili, yeye anajifunza sasa. Kipindi kile cha kuruka na kuanguka na kuinuka nilikichukua mimi, na sijui pa kukipata nikamrudishie.

Namshukuru mwalimu aliyenisimamisha dirishani bila kunihubiria. Namshukuru muuguzi kwa kutonigombeza. Namshukuru mume wangu kwa uvumilivu. Na mama mkwe wangu, aliyeniambia niinuke nisichafue gauni, Mungu amweke sana. Mwenye hofu kama yangu namwambia hivi: usimkalishe mtoto, mtafutie mtu wa kumwangalia. Ndani ya kikundi hiki tuko wengi, tunaweza kupokezana, mmoja akawapeleka mchangani wengine tukaanika.

Naomba niseme la mwisho. Tangu kikao kianze nimekuwa nikitazama pale kibarazani. Watoto wetu wako pale, nimeona sita. Wamepangwa kwenye mkeka, kila mmoja na pakiti yake mkononi, na simu moja wanaiangalia wote. Tumeongea saa nzima na hakuna hata mmoja aliyekuja kutusumbua, na nimewasikia mkisema wana adabu.

Mwenyekiti, mimi nimemaliza. Ajenda zilizobaki tuzijadili kwa kupaza sauti, ila hao watoto tuwaambie wainuke sasa hivi wakapige kelele.